Njia za kusomea kazi ya vijana kwa mkazi wa Same

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtambua kijana kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 35. Katika halmashauri, anayemhudumia ni afisa maendeleo ya vijana.

Wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, kazi hiyo inadai zaidi ya cheti. Huko Mamba Myamba, kwenye Milima ya Pare, tangawizi hutegemea maji ya mifereji na ndiva, yaani mabwawa ya jadi ya Wapare. Afisa hana budi kuzielewa zamu za maji kabla ya kuwashauri vijana kuunda kikundi na kuomba mkopo usio na riba. Sheria ya mwaka 2018 iliziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo hiyo, vijana wakipata asilimia 4.

Nchini Uingereza, mwanagenzi huajiriwa na kulipwa mshahara huku akisomea shahada ya kazi ya vijana. Kwa mkazi wa Same, chuo cha karibu ni Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, mkoani Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1963, ambayo huwapeleka wanafunzi kujifunza ndani ya jamii. Hata hivyo, mwanafunzi wa vitendo si mwajiriwa. Asiyepata mkopo wa serikali, nauli na malazi huiangukia familia yake.

Aliye tayari kazini anaweza kusoma kwa masafa kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo mjini Moshi, bila kuacha mshahara wake.