Cherehani cha zamani

Cherehani cha zamani ni mashine ya kushonea nguo yenye mwili wa chuma cha kusubu, inayoendeshwa kwa mkono au kwa pedali ya miguu bila umeme. Wingi wake ni vyerehani, ingawa mafundi wengi husema "cherehani hii" na kuelewana vizuri.

Katika mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, vyerehani vya pedali bado viko kazini kwenye mabaraza ya maduka, vikishona sare za shule na kupunguza nguo za mitumba. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya umeme inayotoka Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea mitambo yake midogo, hasa jenereta, na fundi mwenye pedali hakusimamisha kazi umeme ulipokatika.

Historia

Elias Howe alipata hataza ya cherehani nchini Marekani mwaka 1846, na Isaac Merritt Singer akapata ya kwake mwaka 1851. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, kilitengeneza mashine nyingi zilizouzwa nje ya Marekani. Baadaye viwanda vya China na India viliiga muundo wa Singer namba 15. Butterfly ya China, yenye picha ya kipepeo, ni mmoja wa wazao hao.

Kutambua

Jina lililoandikwa kwenye mkono wa mashine halitoshi, kwa sababu maandishi hufutika na mengine hubandikwa upya. Dalili ya kuaminika zaidi ni bobini. Ikiwa bobini ni nyembamba na ndefu, nayo hukaa ndani ya kichombo chenye umbo la mtumbwi kinachokwenda mbele na nyuma, hiyo ni Singer ya jamii ya namba 27 au 28, au nakala yake. Bobini ya mviringo inayosimama wima ndani ya kikombe chake, upande wa kushoto chini ya sindano, ni ya namba 15, na Butterfly imo humo. Bobini inayolala chali chini ya kibati cha kuteleza ni ya namba 66 au 99.

Namba ya Singer imegongwa kwenye kitako, upande wa kulia. Namba isiyo na herufi kwa kawaida ni ya kabla ya mwaka 1900. Herufi mbili zinazoanza na E huonyesha mashine ya Clydebank ya kuanzia miaka ya 1930.

Matengenezo

Cherehani kilichokwama mara nyingi hakijafa. Mafuta yake yamekauka yakawa gundi, hasa kama mtu alitia mafuta ya kupikia, kosa ambalo linajulikana katika nyumba nyingi. Dawa yake ni kudondosha mafuta ya taa kidogo kwenye matundu yote ya mafuta, kuacha usiku mzima, kisha kuzungusha gurudumu taratibu kwa mkono bila kulilazimisha. Likishalegea, uchafu hufutwa na kila tundu hutiwa tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya taa peke yake hayatoshi, kwani hukauka na kuacha chuma kikisuguana.

Gurudumu likizunguka huku sindano imetulia, kabla ya kumwita fundi ikazwe kwanza parafujo kubwa iliyo katikati ya gurudumu. Hulegezwa wakati wa kujaza uzi kwenye bobini na husahauliwa.

Nyuzi zikijikusanya chini ya kitambaa, watu hulaumu bobini, lakini kosa huwa juu: uzi haukuingia katikati ya visahani vya kuubana. Uzi utungwe upya huku guu la kukandamiza kitambaa limeinuliwa, maana likishushwa visahani hufunga. Sindano nayo ina mfereji mrefu upande mmoja, na mfereji huo lazima uelekee upande ambao uzi unaingilia. Ikigeuzwa, mshono huruka. Sindano namba 14 hufaa kitenge, na namba 16 au 18 hufaa jinzi.

Wakati wa mvua chuma hushika kutu upesi, kwa hiyo cherehani kisichotumika kifunikwe kwa kitambaa kikavu, si kwa nailoni inayofungia unyevu.

Uvumi wa zebaki nyekundu

Mwaka 2009 ulienea uvumi nchini Saudia kwamba Singer za zamani zina "zebaki nyekundu" yenye thamani kubwa, na kwamba simu ya mkononi ikisogezwa karibu na mashine hiyo mawasiliano hukatika. Bei zilipanda ghafla mno. Ndani ya cherehani hakuna zebaki ya aina yoyote. Kuna vyuma, mafuta na uzi. Anayevunja mashine kuitafuta hubaki na chuma chakavu, na anayetoa fedha kwa ajili yake ametapeliwa.

Matumizi ya kudarizi

Mashine nyingi za aina hii hushona mshono ulionyooka tu. Hata hivyo, guu la kukandamiza likitolewa na meno ya kuvuta kitambaa yakifunikwa au kushushwa, kitambaa kilichobanwa kwenye duara la kudarizia husogezwa kwa mikono upande wowote. Mguu huongoza mwendo wa sindano na mikono huchora maua, ndege au majina kwenye vitambaa vya meza na vya makochi. Wenzo wa kushushia guu hushushwa hata kama guu lenyewe limetolewa, la sivyo uzi wa juu hautabanwa.