Stesheni ya Jinja na Kumbukumbu za Kazi ya Reli

Stesheni ya zamani ya Jinja, upande wa mashariki wa Mto Nile nchini Uganda, sasa ni makumbusho. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022, baada ya kukarabatiwa kwa ushirikiano wa Cross-Cultural Foundation of Uganda, Shirika la Reli la Uganda na Umoja wa Ulaya. Ni jambo la kushukuru, kwani stesheni nyingi za rika lake katika Afrika Mashariki zimeachwa zikiezuliwa mabati na kumezwa na magugu. Hata hivyo, jengo likishakarabatiwa bado lipo swali la nini hasa kinahifadhiwa ndani yake. Makala haya yanadai kwamba makumbusho ya stesheni ya mji mdogo yana wajibu wa kutunza kwanza kumbukumbu za kazi: nani alifanya nini, kwa ujira gani, alilala wapi, na reli iliubadilishaje mji wake. Vichwa vya treni vifuate baadaye.

Jinja inafaa kwa wajibu huo kuliko miji mingi, maana ilikuwa na reli yake kabla ya kuunganishwa na njia kuu. Mwaka 1912 ilikamilika njia ya takriban kilomita 100 kutoka Jinja hadi Namasagali, ili kukwepa sehemu ya Nile ambayo maporomoko yake hayakuruhusu meli kupita. Pamba kutoka kandokando ya Ziwa Kyoga ilishushwa melini Namasagali na kupakiwa mabehewani. Ilipofika Jinja ilishushwa tena, ikapandishwa meli ya Ziwa Victoria hadi Kisumu, na hapo ndipo ilipoanza safari ya reli kwenda Mombasa. Robota moja la pamba lilibadilisha chombo mara tatu kabla ya kuiona bahari, na kila mara lilipita mabegani mwa watu. Reli kuu ilipofika Jinja mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha ikavuka daraja la Nile na kuingia Kampala mwaka 1931, kushusha na kupakia pale Jinja kukakosa sababu. Kwa hiyo historia ya Jinja ni historia ya mizigo na waliobeba mizigo. Kichwa cha treni kilichopakwa rangi upya na kusimamishwa uani hakiwezi kuisimulia.

Wako watakaosema kwamba mashine ndiyo inayovuta wageni, na hasa watoto wa shule. Ni kweli, na sioni ubaya wa mtoto kupanda ngazi za chuma na kushika usukani wa breki. Lakini mashine za eneo hili tayari zina makao yake. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1971, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa bado na shirika moja la reli, na mkusanyo wake umebeba urithi wa nchi zote tatu. Mji mdogo ukijaribu kushindana nayo kwa chuma utashindwa. Zaidi ya hayo, kitu kilichohamishwa hupoteza sehemu ya maana yake. Behewa ambamo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, aliuawa na simba mwaka 1900 linaonekana Nairobi, ilhali tukio lenyewe lilitokea Kima, stesheni ambayo wasafiri wengi huipita bila kujua. Faida ya Jinja ni mahali penyewe: dirisha la tiketi, jukwaa, na reli zinazoelekea ziwani.

Wafanyakazi waliopafanya mahali hapo kuwa stesheni hawakuandikwa kwa usawa. Kuhusu ujenzi wa njia ya Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, tunazo hesabu za vibarua walioletwa kutoka India: wapatao 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Waafrika waliofyeka misitu, wakachimba udongo na kubeba mataruma hawakuhesabiwa kwa uangalifu wa namna hiyo. Pengo hilo haliwezi kuzibwa leo kwa upande wa ujenzi. Kwa upande wa uendeshaji, bado tunao muda, ingawa ni mfupi mno. Kijana aliyeajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki akiwa na miaka 20 mwaka 1976 sasa ni mzee wa takriban miaka 70. Huyo aulizwe jinsi gengi lilivyokagua njia alfajiri, nyapara aliyagawaje mapande ya kazi, familia ngapi zilichangia bomba moja la maji kwenye landhi, yaani makazi ya wafanyakazi wa reli, na ni lugha gani zilizosikika humo zaidi ya Kiswahili, kilichokuwa lugha ya kazi njiani kote. Aulizwe pia habari za walioondoka. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, reli ilipoteza makarani na mafundi wa miaka mingi. Shirika la pamoja lilipovunjika mwaka 1977, watu waliokuwa watumishi wa mwajiri mmoja waligawanywa kwa uraia. Mambo haya yanauma, na ndiyo sababu nasisitiza yawekwe ukutani kwa maandishi makubwa. Makumbusho yanayosimulia maendeleo matupu yanawadhulumu wazee wanaoishi mita chache kutoka mlangoni.

Mpango wa Jinja hauna budi kufika Namasagali pia. Bandari ile iliharibiwa na mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na majengo ya reli yakageuzwa shule, Namasagali College, iliyojulikana Uganda nzima kwa dansi na maigizo chini ya Padri Damian Grimes. Wanafunzi walisoma na kulala katika majengo ya reli, na matumizi hayo yaliyasaidia majengo kubaki. Mwisho wa pili wa njia ya 1912 ukiachwa nje, mgeni wa Jinja atakuwa amesomewa nusu ya hadithi.

Kuna pia suala la nyaraka. Makao makuu ya shirika la pamoja yalikuwa Nairobi, na baada ya 1977 sehemu kubwa ya nyaraka ilibaki huko. Kuzirudisha zote kungeleta mabishano ya miaka na pengine kuziharibu; kuzipiga picha na kupeleka nakala Jinja ni kazi inayowezekana kwa makubaliano ya mashirika ya reli ya Kenya na Uganda. Ningependa zianze kumbukumbu za watumishi wa ngazi ya chini, ndipo zifuate ramani na ripoti za wahandisi, kwa kuwa hizo za mwisho tayari zimesomwa na kuandikiwa vitabu.