Krimu iliyotoka kiwandani

Mjini anayetaka uso mwororo ana mengi ya kuchagua: liwa, sabuni, krimu, na ule mchanganyiko wa kupimiwa uitwao mkorogo. Wengi huchagua kwa bei au kwa ushauri wa shoga. Ni wachache wanaouliza dawa yenyewe ilitoka wapi.

Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliandika habari za wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi za wanyama, wengi wao watu weusi. Waliovaa glavu za mpira walitokwa na mabaka meupe mikononi. Uchunguzi ulionyesha kuwa glavu hizo zilitiwa kemikali ya kuzuia mpira usichakae. Kemikali hiyo, ya ukoo wa haidrokwinoni, ndiyo iliyoua rangi ya mikono yao.

Kwa wafanyakazi wale, hayo yalikuwa madhara ya kazini. Wafanyabiashara waliona soko. Baadaye haidrokwinoni ikatiwa katika krimu na kuuzwa kama urembo, hasa Afrika Kusini. Mwaka 1975 ikaelezwa huko kuwa wanawake waliojipaka muda mrefu walipata madoa ya rangi ya bluu na nyeusi mashavuni. Walioukimbia weusi waliupata zaidi, tena wa ugonjwa. Mwaka 1990 nchi hiyo ikapiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi.

Zebaki nayo ina historia yake. Hutiwa katika sabuni na krimu ili kuzuia ngozi isitengeneze rangi, lakini hupenya mwilini na kuumiza figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga, pamoja na mambo mengine, kuiondoa katika vipodozi.

Basi tuchague vipi? Liwa ya bibi zetu wa pwani ni mti wa manukato unaosagwa huku ukiuona. Haidai kukubadilisha rangi. Daktari wa ngozi naye anaweza kutoa haidrokwinoni kutibu madoa, kwa kipimo na kwa muda maalumu, huku akikuangalia. Lakini muuza mkorogo hajui amechanganya nini, na ukiharibika hutamwona.

Rangi ya ngozi ni kinga dhidi ya jua. Anayeivua hulipa mara mbili: dukani, kisha hospitali. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.