Diski ya ordinatere: namna ya kuchagua ile inayokwenda mbio

Ordinatere ya nyumbani ikianza kuchukua dakika tano kabla ya kufunguka, watu wengi wanafikiri imezeeka na ni lazima kununua ingine. Mara nyingi haiko vile. Kinachochelewesha ni diski, ile fasi mashine inaweka kila kitu: Windows, programu, picha za familia, TFC ya mwanafunzi. Kubadilisha diski peke yake kunaweza kurudishia nguvu mashine ya miaka mingi, kwa bei ndogo kuliko mashine mpya.

Diski inayozunguka

Ndani ya diski ya zamani, HDD, kuna sahani zinazozunguka na kichwa kidogo kinachosoma bila kuzigusa. Nyingi za laptop zinazunguka mara 5400 kwa dakika, na nyingi za mashine ya mezani mara 7200. Faili kubwa moja inasomwa kwa megabaiti 100 mpaka 200 kwa sekunde, na hiyo si mbaya. Shida ni kwamba ordinatere ikiwaka inatafuta maelfu ya faili ndogo ndogo. Kwa kila moja, kichwa kinahama na kungojea sahani ifike. Hapo ndipo dakika zinapotea.

SSD na NVMe

SSD haina kitu kinachozunguka. Inaweka data ndani ya chipu, na kutafuta faili hakuichukui hata sekunde moja kugawa kwa elfu. Ile ya SATA inafika karibu megabaiti 550 kwa sekunde. Ile ya NVMe, kibao chembamba kinachoingia moja kwa moja ndani ya kadi kubwa ya mashine, inaweza kupita 3000.

Lakini tofauti kubwa mtu anaisikia akitoka HDD na kuingia SSD. Kwa kazi ya kuandika, intaneti na kuangalia filamu, kutoka SATA kwenda NVMe hakuonekani sana. Mwenye franga za kuhesabu asijitese juu ya hiyo.

Kabla ya kutoa dola

Fasi ya kuingiza. Laptop yenye HDD mara nyingi inapokea SSD ya inchi 2.5. Vibao vya M.2 viko vya aina mbili, SATA na NVMe. Sura zinafanana, lakini si kila mashine inakubali zote. Andika jina kamili la modeli ya mashine kabla ya kwenda ku soko.

Ukubwa. Gigabaiti 256 zinatosha kwa Windows na kazi za kawaida. Mwenye video nyingi achukue 500. SSD ikijazwa kabisa inapunguza mbio.

Diski ya uongo. Ukiona terabaiti 2 kwa bei ya gigabaiti 128, simama. Diski kama hiyo inajitangaza kubwa, kisha inapoteza faili zako. Programu ya bure H2testw inaijaza yote na kuisoma tena. Fanya hivyo mbele ya kuweka kitu chochote, muuzaji akiwa bado anakukumbuka.

Ya okazyo. CrystalDiskInfo, nayo ni ya bure, inaonyesha hali ya diski na saa ambazo imefanya kazi. Rangi ya manjano au nyekundu: iache.

Kuranti ikikatika

HDD inaogopa kutikiswa ikiwa inafanya kazi. SSD haina shida hiyo, tena inakula umeme kidogo, faida kwa wenye kutumia panno za jua. Lakini umeme ukikatika wakati mashine inaandika, faili inaweza kuharibika kwa zote mbili. Laptop iko na betri yake. Mashine ya mezani inahitaji onduleri.

Ile ya zamani usiitupe

Hapa ndipo watu wanalia. HDD inayokufa mara nyingi inatoa alama mbele: kelele, kukwama. SSD inaweza kuzimika siku moja bila kuaga. Na faili iliyofutwa ndani ya SSD ni vigumu sana kuirudisha, hata kwa fundi mzuri.

Kwa hiyo, nakili data zote kabla fundi hajafungua mashine. Kisha ile HDD, kama bado ni nzima, iwekwe ndani ya kisanduku cha USB na iwe akiba: picha, diploma, karatasi za kiwanja. Nakala ingine ikae kwa ndugu, nyumba ya mbali. Diski ya laptop inaingia ndani ya mfuko wa koti. Familia ikipaswa kuondoka nyumbani haraka, ordinatere inaweza kubaki. Zile karatasi na zile picha zitakwenda pamoja nayo.