Jinsi mabaki ya miti yanavyogeuzwa mboji na matandazo Machakos

MITI inapopunguzwa katika vilima vya Iveti na Mua, Kaunti ya Machakos, nyuma ya wakataji hubaki marundo ya matawi membamba, majani, magome na unga wa mbao. Gogo lina mnunuzi wake, na tawi nene lina nafasi yake jikoni. Hayo mengine mara nyingi hutiwa moto, na majivu yake yakapeperushwa na upepo kabla ya mvua kunyesha.

Hasara hiyo si ndogo. Udongo mwekundu wa sehemu nyingi za Machakos una upungufu wa naitrojeni, fosforasi na mabaki ya mimea yaliyooza. Majani yanapoteketezwa, naitrojeni yake karibu yote hupotea hewani. Yakitunzwa, majani na vijiti hivyo hivyo vinaweza kuulisha udongo na kuuhifadhia unyevu katika eneo ambalo mvua haiaminiki.

Kwa nini miti hupunguzwa

Miche hupandwa kwa kusongamana ili miti ikue wima. Katika mashamba ya miti nchini Kenya, nafasi ya mita 2.5 kwa mita 2.5 ni ya kawaida, yaani miche 1,600 kwa hektari. Inapokua, miti hiyo hugombania mwanga, maji na rutuba. Ndipo ile dhaifu, iliyopinda au yenye maradhi huondolewa ili iliyobaki inenepe.

Katika mashamba ya familia kazi huwa ndogo zaidi, lakini mantiki ni ile ile. Mgrevilea ulio kandokando ya tuta hupogolewa ili kivuli chake kisidhuru mahindi. Mukau, mti wa maeneo makavu unaothaminiwa sana na Wakamba kwa mbao zake, huondolewa matawi ya pembeni ungali mchanga ili shina linyooke.

Funzo la miaka mingi

Machakos ina historia ndefu ya kupambana na mmomonyoko wa udongo. Mnamo 1937, afisa wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti iliyoeleza uharibifu mkubwa wa ardhi ya Ukambani. Miongo kadhaa baadaye, mnamo 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha picha tofauti kabisa. Idadi ya watu katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos, ambayo ilijumuisha Makueni ya leo, ilikuwa imeongezeka takriban mara sita tangu miaka ya 1930, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua na wakulima walikuwa wamepanda miti zaidi.

Mabadiliko hayo yalitokana kwa kiasi kikubwa na vikundi vya mwethya, ambamo majirani husaidiana kazi, na matuta ya fanya juu. Katika mbinu hiyo, mtaro huchimbwa kufuata kontua na udongo kurushwa upande wa juu wa mteremko. Jina hilo la Kiswahili sasa hutumika katika vitabu vya uhifadhi wa udongo kote duniani.

Watafiti wa kilimo-mseto wa miti nao waliongeza yao. Utafiti wa Paul Kiepe uliofanywa Machakos na kuchapishwa 1995 ulichunguza ua wa miti ya Senna siamea uliopandwa kufuata kontua, matawi yake yakikatwa na kutandazwa shambani. Ua na matandazo kwa pamoja vilipunguza mno maji yanayotiririka na udongo unaobebwa nayo.

Tenganisha kwanza

Kosa linalowavunja wengi moyo ni kuyachukulia mabaki yote kuwa kitu kimoja. Unga wa mbao una kaboni nyingi mno: sehemu 200 hadi 500 kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Bakteria na kuvu wanaouozesha huhitaji naitrojeni, na wakiikosa ndani ya mbao huichukua kutoka kwa udongo. Kwa hivyo mkulima anayefukia unga huo au vipande vibichi vya mbao ardhini huona mahindi yake yakigeuka manjano, akadhani mti una sumu.

Kanuni ni rahisi: kigumu hukaa juu ya udongo, laini huenda kwenye mboji. Majani mabichi, vijiti visivyozidi unene wa kidole na unga kidogo wa mbao hufaa kwa mboji. Vijiti vikavu na magome hufaa kwa matandazo. Matawi manene yabaki kuwa kuni, kwa maana jiko lisipopata chake litadai lile lililotengewa shamba.

Kutengeneza mboji

Wakati mwafaka ni Juni, masika yanapokwisha na mabaki yangali na unyevu, ili mboji iwe tayari kwa vuli ya Oktoba. Chagua mahali penye kivuli. Katika sehemu kavu kama Yatta na Masinga, shimo lisilo na kina kirefu huhifadhi unyevu kuliko rundo la juu ya ardhi.

Katakata mabaki yawe na urefu wa kidole. Tandika vijiti chini ili hewa ipite, kisha panga tabaka la majani ya miti, tabaka la majani laini ya jamii ya kunde au magugu yasiyo na mbegu, na tabaka la samadi. Nyunyiza udongo kidogo wa juu, mwagia maji, na urudie hadi kimo cha mita moja na nusu. Shabaha ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni, na samadi ndiyo inayosawazisha hesabu hiyo.

Funika kwa nyasi na uchomeke fimbo ndefu hadi katikati. Baada ya siku chache ichomoe: ikiwa moto, kazi inaendelea, ikiwa baridi na kavu, ongeza maji, ikinuka vibaya, maji yamezidi na rundo lihitaji kugeuzwa. Joto la nyuzi 55 hadi 65 za Selisiasi huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya maradhi. Geuza kila baada ya wiki tatu. Baada ya miezi mitatu au minne, mboji huwa nyeusi, yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Vijiti ambavyo havijaoza huchekechwa na kurudishwa katika rundo jipya.

Matandazo

Vijiti vikavu na magome hutandazwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 10 chini ya miembe, michungwa na mikahawa. Hupunguza makali ya jua, huzuia magugu na kuvunja nguvu ya matone ya mvua. Matawi marefu yaweza kulazwa kufuata kontua na kushikiliwa kwa vigingi, yakawa kizuizi cha udongo mahali ambapo tuta halijachimbwa.

Tahadhari

Matandazo yaachwe umbali wa shubiri moja kutoka kwa shina, kwani mchwa wa Ukambani hupenda vijiti vikavu na waweza kuvuka hadi kwenye mche. Majani ya mkaratusi yana mafuta na kemikali zinazodumaza miche, hivyo yachanganywe kwa kiasi kidogo na yaozeshwe kikamilifu. Matawi ya miti iliyougua yasitandazwe. Wakati wa kiangazi, matandazo yawekwe mbali na mahali pa kupikia.

Kwa misitu ya umma, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inahitaji idhini kabla ya mtu kuchukua mazao yoyote ya msitu, yakiwemo mabaki.

Mboji pekee haitaziba upungufu wa fosforasi, wala mabaki ya miti michache hayatatosha shamba zima. Mkulima mwenye kidogo hupata faida zaidi akiweka konzi mbili katika kila shimo la kupandia kuliko kutawanya kila mahali. Mvua ya vuli ikija kwa uchache, shimo lenye mboji hubaki na unyevu siku kadhaa zaidi, na siku hizo ndizo ambazo mara nyingi huamua kama hindi litabeba au halitabeba.