Maziwa ya Mkamo wa Pili: Asili ya Tambi za Kuoka za Savoie

Krozifleti ni chakula cha tambi na jibini kinachookwa katika milima ya Savoie, eneo la Alpi lililotoka katika Ufalme wa Sardinia na kuunganishwa na Ufaransa mwaka 1860. Jina lake limeundwa kwa kuunganisha kroze, yaani tambi ndogo za mraba za huko, na tartifleti, chakula cha viazi kilichokitangulia. Wageni wengi hukidhani kuwa cha kale, ilhali tartifleti yenyewe ilienezwa katika miaka ya 1980 na umoja wa wazalishaji wa jibini la reblochon, waliotaka kuinua mauzo yao na walioiga péla, chakula cha wakulima cha viazi, vitunguu na jibini kilichopikwa katika kikaango chenye mpini mrefu. Kilicho cha kale kweli ni jibini na tambi zenyewe.

Reblochon ilianzia katika bonde la Thônes wakati wa Zama za Kati, ambapo wafugaji walikodi malisho kutoka kwa makabaila na nyumba za watawa, na kodi ikakadiriwa kwa wingi wa maziwa. Siku ya kupimwa, mfugaji hakumaliza kukama. Alimwonyesha mkaguzi ndoo isiyojaa, akasubiri aondoke, kisha akarudi kwa ng'ombe yule yule na kukibinya kiwele upya, kitendo ambacho katika lahaja ya wenyeji kiliitwa reblocher, na ndicho kilicholipa jibini jina. Kama ajuavyo mfugaji yeyote, maziwa yanayotoka mwisho ni machache lakini ndiyo yenye mafuta mengi, na kwa sababu hiyo jibini lililotokana nayo lilikuwa laini na lenye ladha nzito. Si sawa kuuita ujanja huo wizi, kwani ulikuwa njia ya mnyonge kubakiza sehemu ya jasho lake.

Kroze nazo ni za bonde la Tarentaise. Upande wa kila kipande hukaribia milimita 5, na unga wake huchanganya ngano na mmea ambao Wafaransa huuita "ngano nyeusi", ingawa si jamii ya ngano hata kidogo. Mmea huo hustahimili udongo hafifu na hukomaa kwa takriban miezi 3, sifa muhimu mahali penye kiangazi kifupi, na tambi zilizokaushwa ziliweza kuhifadhiwa majira yote ya theluji.

Katika mapishi ya sasa, kroze huchemshwa, huchanganywa na vitunguu, vipande vya nyama ya nguruwe na malai, kisha reblochon hukatwa ubapa na kulazwa juu, ganda likiangalia juu, ili katika joto la oveni kiini kiyeyuke na kupenya katikati ya tambi huku ganda likigeuka rangi ya dhahabu.

Tangu mwaka 1958 jina la reblochon linalindwa kisheria, na ni lazima litengenezwe kwa maziwa mabichi ya ng'ombe wa eneo hilo. Lenye alama nyekundu hutoka viwandani. Lenye alama ya kijani hutengenezwa shambani mara mbili kwa siku, kila baada ya kukama, maziwa yakiwa bado na joto la kiwele.