Usiku wa Usajili na Daftari la Majina

Jana usiku almanusra mwenzangu wa chumbani alie. Usajili wa masomo unafungwa saa sita usiku, saa tano na nusu hii, na tovuti haifunguki. "Kaka, nimekwisha," ananiambia.

Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika nslookup na jina la tovuti. Ikasubiri weee, mwisho ikasema seva haijibu. Nikarudia, safari hii swali nikalipeleka kwa seva nyingine, 8.8.8.8. Namba ikaja hapohapo! Kumbe tovuti ilikuwa hai, iliyolala ni seva ya majina ya mtandao wa hosteli. Tukabadilisha seva kwenye kompyuta yake, na saa sita kasoro kumi jamaa kashajisajili.

Sasa sie tunaosomea ualimu wa historia hatulali bila kuuliza: mambo haya yalianzaje?

Zamani majina yote ya kompyuta za mtandao wa ARPANET yalikaa kwenye faili moja tu, HOSTS.TXT, lililotunzwa na timu ya Elizabeth Feinler huko SRI, Menlo Park, California. Ukitaka kompyuta yako iingizwe, unawasiliana nao saa za kazi. Wengine wote wanachukua nakala. Kompyuta zilivyoongezeka, faili likanenepa na nakala zikawa zinapitwa na wakati kila siku.

Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaja na wazo jingine: daftari ligawanywe. Kila mmoja atunze majina ya eneo lake, na yaliyo chini yake ajue nani wa kuulizwa. Mwaka 1984 wanafunzi wanne wa Berkeley, Douglas Terry, Mark Painter, David Riggle na Songnian Zhou, wakaandika BIND, programu ya kujibu maswali hayo kwenye Unix. Wanafunzi jamani, kama sisi! BIND ipo mpaka leo, na amri ya dig huja nayo.

Hiyo dig ndiyo kipenzi changu. Andika dig +trace udsm.ac.tz uone safari yenyewe. Inaanzia kwenye mizizi, yenye majina 13, toka a hadi m. Mzizi haujui chuo, unasema kawaulize wa tz. Wa tz nao wanaelekeza mbele, mpaka apatikane mwenye jibu. Ni kama kumtafuta mtu kijijini: unaanza kwa mtendaji, anakutuma kwa balozi wa nyumba kumi, balozi anakuonyesha mlango.

Nisingejua hilo, jana ningemwambia mwenzangu "mtandao mbovu, lala", naye angekosa usajili. Nikienda mazoezi ya kufundisha, somo hili nitaanza na yule balozi.

Haya, mwenye swali aulize. Nisipojua, nitakuelekeza kwa anayejua.